Waliovaa Jina la Ottersiek

Katika nchi yote ya mfalme wa Prusia palikuwa na mlango mmoja tu ulioitwa Ottersiek, na waliovaa jina la mlango huo mwaka ule walikuwa watu sita: mwenye shamba, mkewe, na watoto wao wanne. Nje ya hao sita usingempata Ottersiek mwingine hata ungetembea kwa miguu mpaka baharini. Si kwamba nyumba ile haikuwa na uzazi. Walizaa, tena sana. Lakini jina lilikuwa mali ya nyumba, kama kisima na meko vilivyokuwa mali ya nyumba. Aliyetoka alikwenda zake bila jina, na aliyeingia alilikuta linamngoja. Mwanamume akioa binti aliyerithi shamba, au mjane aliyebaki nalo, siku ya harusi aliliacha jina la babake na kuitwa Ottersiek, na tangu siku hiyo mtu kumtajia lile la zamani ilikuwa tusi la watu kushikana mashati.

Ilsabein alikuwa kijakazi katika nyumba hiyo. Umri wake miaka ishirini na mitatu, na tangu alipomaliza shule ya kijiji alikuwa akikamua ng'ombe wa Ottersiek, akisokota kitani cha Ottersiek, akila mkate mweusi wa Ottersiek kwenye kona ya chini ya meza. Yeye mwenyewe aliitwa Sandkötter, kwa sababu kibanda walichokaa wazazi wake, kule nyuma ya msitu kwenye ardhi ya mchanga, kiliitwa hivyo. Nacho kilikuwa cha shamba. Walikaa humo kwa kulifanyia shamba kazi.

Sasa, babake Ilsabein, mzee Jobst, alizaliwa katika nyumba kubwa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Ottersiek wa zamani. Lakini desturi ya bonde lile ilimpa shamba mtoto wa mwisho, na mtoto wa mwisho alikuwa mdogo wake, Frerk. Jobst alipofika miaka ishirini na miwili alipewa ng'ombe mmoja, kitanda na matandiko yake, na sanduku la mti wa mwaloni, akaambiwa haya, nenda salama. Hakwenda mbali. Alioa, akakipanga kibanda cha mchangani, na watu wakaanza kumwita Sandkötter kabla hata moshi wa kwanza haujatoka darini. Hakuna aliyemwuliza.

Hiyo ilikuwa miaka arobaini na mmoja iliyopita. Tangu msimu wa kukata majani tumbo la mzee lilikuwa limevimba, na miguu ikawa haimbebi tena.

"Mwanangu," alisema Jumapili moja, "nikifa msikubali niandikwe Sandkötter."

Ilsabein alikuwa akimenya viazi. Akaweka kisu. "Uandikwe nani, baba?"

"Unajua nani."

Mamake, Engel, akaguna kutoka kwenye gurudumu lake la kusokotea. "Ameanza huyo. Kila tumbo likimshika anakuwa bwana mkubwa."

"Wewe Engel sokota. Mimi nimezaliwa mle. Nimebatizwa kwa jina lile. Huyo anayekaa kwenye kiti cha baba yangu leo kaja na nini? Kaja na farasi chongo."

Hapo alisema kweli. Frerk alikuwa ameangukiwa na mti kabla hajapata mtoto. Mjane wake akaolewa na mtu wa ng'ambo ya kilima aliyeitwa Nolting, naye Nolting akawa Ottersiek siku hiyohiyo. Mwaka haukuisha, mjane akafa kwa homa. Mwanamume akabaki na shamba, akaoa mke mwingine kutoka kwao, wakazaa. Kwa hiyo katika wale sita hapakuwa na hata mmoja aliyezaliwa na mtu aliyezaliwa mle. Jobst alikuwa ameyatazama hayo kwa miaka mingi, akiwa amesimama nyuma ya kanisa kila Jumapili na watu wa vibanda, wakati Nolting na wanawe wamekaa kwenye benchi la mbele lililochongwa jina. Alipokuwa akimfundisha Ilsabein kutembea alimwambia, na alipokuwa akimfundisha kupura nafaka alimwambia: "Sisi ndio damu ya nyumba ile."

Ilsabein aliliamini neno hilo kama alivyoamini kwamba maziwa yanatoka kwa ng'ombe. Hakujivuna nalo. Alilibeba tu, kimya, na alipokuwa akipita na ndoo zake kwenye mlango mkubwa alijua kitu ambacho wenye mlango hawakukijua.

"Nataka nilazwe kwenye safu ya makaburi yetu," mzee alisema, "na mchungaji aandike Ottersiek. Sitaki ardhi, sitaki ng'ombe. Mwambie hivyo. Jina tu."

Ilsabein hakukurupuka. Kwa siku tisa alimtazama bwana wake. Alimjua: akiwa kazini anakuwa mkali, akiwa na njaa hasemeki, lakini akishiba chapati za unga mweusi zilizokaangwa kwa mafuta ya nguruwe anakuwa mtu wa kusikiliza. Siku walipomaliza kuvunja mabua ya kitani, mikono ya kila mtu ikiwa imepasuka, wakala chapati hizo. Wengine walipoondoka mezani yeye akabaki akikusanya vijiko polepole.

"Bwana, baba yangu hali yake si nzuri."

"Nimesikia. Nilimpelekea mchuzi juzi. Mama yako hakukwambia?"

"Kaniambia. Tunashukuru. Ana neno anakuomba."

"Aseme."

"Anaomba akifa aandikwe Ottersiek, alazwe kwenye safu ya nyumba hii. Hataki kitu kingine. Kasema nikwambie, si ardhi wala ng'ombe."

Ottersiek aliacha kutafuna. Hakukasirika. Alikifuta kisu chake kwenye kipande cha mkate, upande huu na upande huu, akala ule mkate.

"Ilsabein, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, bwana."

"Siku yangu ikifika nitaandikwa nani?"

"Ottersiek."

"Na yeye Ottersiek. Shamba moja lina wenyewe wawili? Baba yako alipewa vyake akatoka. Na mimi nilipewa vyangu nikatoka. Unadhani mimi sikutoka nyumbani kwa mtu? Baba yangu alipokufa nilivuka kilima kwenda kumzika. Nilisimama nyuma kabisa. Mchungaji wa kule alitaja watoto wa marehemu mmoja mmoja, mimi hakunitaja. Na hakukosea. Nilikuwa wa huku. Nikala nyama ya matanga nikarudi."

Ilsabein aliviweka vijiko mezani. Alikuwa hajawahi kumsikia akitaja kwamba alikuwa na baba.

"Lakini nisije nikaitwa mtu wa roho mbaya," bwana akaendelea. "Maiti za nyumba hii hubebwa na mashamba manne ya jirani, na mkubwa wao ni Barmeier. Kamwombe. Barmeier akikubali kumbeba baba yako kama Ottersiek, mimi sitazuia."

Alipokuwa akisema hivyo alitazama dirishani, na Ilsabein, aliyezoea kutazama watu wanatazama wapi, akajua kwamba jibu la Barmeier bwana wake alikwisha kulijua.

Zizini Trine, kijakazi mwenzake, alikuwa amesikia yote kupitia ukuta wa mbao.

"Ungemjibu tu, wewe Nol..."

"Trine, nyamaza."

"Mimi nimesema nini? Nimesema Nol. Nol ni nani? Huenda ni jina la ng'ombe." Akacheka, akampiga ng'ombe kofi la mgongo. "Sogea huko, Nol."

Barmeier alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, hana jino hata moja, na siku Ilsabein alipokwenda alimkuta amekaa juu ya gogo akichonga mpini wa uma wa nyasi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka bila sauti, mabega yakitikisika.

"Binti, unajua mimi nilizaliwa nani?"

"Sijui, mzee."

"Vizuri. Maana ungelitaja ningekuchapa na mpini huu, na wewe ni mtoto wa watu. Kuhlmann naye hakuzaliwa Kuhlmann. Steinbrink kaletwa hapa na mkokoteni, nilimwona mimi. Sasa tukimwandika Jobst kwa jina la alikozaliwa, kesho nani atabaki na lake? Jumapili tutafika kanisani tusijue tukae wapi. Tutasimama kama kondoo mlangoni."

"Ni marehemu mmoja tu, mzee. Hata bado hajafa."

"Ni mmoja ndiyo. Na tundu la panya ni moja." Akapuliza vumbi la mbao. "Baba yako ni mtu mzuri. Alinisaidia kuvuta farasi mtoni mwaka wa mafuriko. Nitakuja kwenye maziko, nitavua kofia. Kumbeba, hapana. Atabebwa na wa vibanda wenzake."

"Yeye ni damu ya nyumba ile."

"Damu?" Barmeier alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto anayeuliza mwezi unakula nini. "Hata fisi-maji waliolipa bonde la Ottersiek jina lao hawapo tena. Wa mwisho alitegwa na babu yangu. Nimesema babu; ni yule aliyekuwa Barmeier kabla ya kabla yangu. Unaona? Hata mimi nachanganya." Akarudi kwenye kuchonga kwake. "Kama unatafuta damu nenda kwa mchungaji. Yule wa Berlini anapenda habari hizo. Huku kwetu hatuna."

Alisema kwa mzaha. Lakini Ilsabein alikwenda.

Mchungaji Weidlich alikuwa na mwaka na nusu katika usharika ule. Alikuwa kijana mwembamba mwenye vidole vya wino, na jambo lililomkera kuliko baridi ni kwamba watu wake waliitana kwa majina ya mapaa yao. Mara tatu alikuwa amewasomea kutoka mimbarani amri ya mfalme: jina la mtu ni jina la baba yake, awe na shamba asiwe nalo. Watu waliitikia kwa vichwa, wakatoka nje, wakaendelea. Kwa hiyo alipomwona binti kasimama mlangoni na viatu vyake vya mbao mkononi, amekuja kwa miguu yake kudai jina la baba yake, karibu amkumbatie.

"Kaa, kaa. Wewe ndiye wa kwanza. Unajua hilo? Wa kwanza kabisa."

"Baba yangu alibatizwa Ottersiek, mchungaji. Anaomba azikwe Ottersiek."

"Na ana haki. Sheria iko upande wake. Hakuna haja ya Barmeier wala nani. Tutathibitisha kwa daftari, na mimi nitaandika, na basi."

Ilsabein alihisi kitu kikilegea mgongoni, mahali ambapo hakujua palikuwa pamekaza. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Mchungaji alishusha madaftari makubwa ya ngozi, akapuliza vumbi, akafungua. Ilsabein aliweza kusoma kitabu cha nyimbo, lakini mwandiko ule wa zamani ulikuwa kama miguu ya kuku kwenye matope. Alichokitazama ni kidole. Kilishuka ukurasa, kikasimama.

"Huyu hapa. Johann Jobst Hinrich. Mtoto wa Cord Ottersiek." Kidole hakikuondoka. "Mm. 'Ambaye kabla ya kuingia shambani aliitwa Brüning.'"

"Nani?"

"Babu yako. Aliingia kwa ndoa. Ngoja, basi itakuwa ni upande wa bibi." Akafungua daftari jingine, uso unamng'aa kama wa mtu anayefuata mnyama kwa nyayo. "Bibi yako, Anna Margrethe. Alikuwa mjane wa Ottersiek aliyetangulia. Yeye mwenyewe alizaliwa Kuhlmann. Na yule mume wa kwanza... aliingia kwa kumwoa mjane mwingine. Anatoka Steinbrink. Na huyo mjane mwingine..."

Alikwenda hivyo mpaka mshumaa wa pili, ingawa nje kulikuwa bado mchana. Mjane aliyeolewa na mgeni. Mgeni aliyefiwa akaoa mgeni mwenzake. Binti mrithi aliyekufa kwenye uzazi yeye na mtoto, mumewe akabaki na jina. Kila mahali ambapo Ilsabein alitarajia kamba, palikuwa na fundo, na kila fundo lilikuwa limefungwa kwa kamba nyingine. Daftari la mwisho lilianza baada ya vita vya zamani vilivyochoma kanisa, na juu kabisa, kwenye ukurasa ulioliwa na unyevu, palikuwa na mtu mmoja tu aliyeandikwa Hans, anayekaa kwenye bonde la fisi-maji. Kati ya huyo Hans na mzee Jobst hapakuwa na tone la damu.

"Inashangaza," alisema mchungaji. "Miaka mia moja na themanini. Jina moja halijakatika, na hakuna aliyewahi kuwa nalo."

Ilsabein alivishika viatu vyake. "Kwa hiyo hawezi kuandikwa Ottersiek."

"Kwa sheria, hapana. Lakini usihuzunike. Sasa tunajua jina lake la kweli. Nitamwandika Brüning."

"Mchungaji, hapa hakuna mtu anayeitwa hivyo."

"Yupo. Baba yako. Na wewe pia."

Njia yote ya kurudi aliutengeneza uongo. Aliutengeneza vizuri: mchungaji amekubali, ameahidi, lala baba. Lakini alipoingia, mzee alikuwa ameegemezwa kwenye mto, amenyolewa ndevu, amevaa shati safi. Alikuwa amemwambia Engel amwandae kulipokea neno. Ilsabein alipomwona amenyolewa mdomo haukufunguka.

"Wamekataa," alisema mzee.

"Barmeier kakataa. Mchungaji..."

"Sema."

Akamwambia yote, mtu baada ya mtu, kama kidole kilivyokwenda. Engel aliacha gurudumu lake. Mzee alisikiliza akitazama dari, na aliposikia Brüning alifumba macho.

"Baba hakulitaja hata siku moja," alisema. "Nilikuwa na miaka saba hivi, mchuuzi mmoja alimwita hivyo sokoni. Baba alimvunja pua. Nikamwuliza mama ni kwa nini. Akaniambia yule mchuuzi ni mlevi."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilijua na sikujua. Nani hakutoka mahali?" Akageuza kichwa. "Damu nilikwambia wewe kwa sababu ulikuwa mtoto unalia usiku kwa njaa na mle ndani wana nyama imening'inia mpaka darini. Ningekwambia nini? Mimi nilichotaka ni kurudi ndani. Nilitolewa nikiwa na ng'ombe kwenye kamba, Frerk kasimama mlangoni ana miaka kumi na mbili, analia kuliko mimi. Nilitaka niingizwe hata nikiwa nimekufa."

Engel alijifuta pua kwa ncha ya aproni. "Mzee mjinga," alisema, lakini taratibu.

"Hebu nenda tena, mwanangu. Mwambie aache yote. Aandike Sandkötter kama anavyotaka kila mtu. Nimekuwa Sandkötter miaka arobaini na mmoja, hilo angalau nimelifanyia kazi. Hilo la Brüning asinivishe. Hilo ni tusi. Watanicheka shimoni."

Kesho yake Ilsabein aliomba ruhusa ya saa mbili, akaenda. Mchungaji alimsikiliza akiwa amesimama, kwa kuwa alikuwa na harusi.

"Siwezi."

"Juzi, kabla sijaja, ungemwandika nani?"

"Sandkötter."

"Na isingekuwa uongo?"

"Ingekuwa kutojua. Kutojua si dhambi. Sasa ninajua, Ilsabein. Siwezi kuandika kwenye daftari la kanisa kitu ninachojua si kweli."

"Usahau, mchungaji. Mimi ndiye niliyekufungulisha daftari. Nakuomba ulifunge."

"Nimekwisha kutia alama pembeni, kwa wino." Akamwekea mkono begani, na mkono wenyewe ulikuwa wa wema kabisa. "Wewe umeanza jambo jema katika bonde hili. Siku moja mtafurahi."

Ilsabein aliutazama ule mkono mpaka mchungaji akauondoa.

Jioni mzee aliuliza jambo moja tu. "Ataandika Sandkötter?"

"Ataandika, baba."

"Basi."

Safari hii uongo ulitoka wenyewe, haukuwa umetengenezwa. Mzee aliomba maziwa ya mgando, akanywa vijiko vitatu. Alikufa Jumamosi asubuhi, Ilsabein akiwa chini ya ng'ombe wa nne. Ottersiek mwenyewe ndiye aliyekuja zizini kumwambia. Alichukua ndoo mikononi mwake, akasema nenda, Trine atamalizia. Akatoa mbao za jeneza bila kuombwa, mbao nzuri, za mwaloni.

Kaburi lilichimbwa upande wa ukuta, penye watu wa vibanda. Wanaume sita wa mchangani walimbeba. Barmeier alikuja, akavua kofia kama alivyosema. Ottersiek alisimama na mkewe na watoto wao wanne wamepangana kwa urefu. Walikuwepo watu wengi kuliko Ilsabein alivyotarajia, hata wa upande wa pili wa usharika, maana siku ile hapakuwa na kazi kubwa mashambani na mvua ilikuwa imeacha.

Mchungaji alisoma zaburi. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kijana. Kisha akafungua kikaratasi. "Tunamweka ardhini ndugu yetu Johann Jobst Hinrich Brüning."

Waliokuwa wakishusha jeneza waliacha kamba zikakaza. Jeneza likabaki limening'inia nusu shimoni, limeinama upande wa miguu. Kisha mzee mmoja wa vibanda, Pohlmann, aliyepura nafaka na Jobst majira thelathini ya baridi, akasema bila kupaza sauti:

"Mchungaji, unamtukana kwa kuwa hana mikono ya kukupiga."

"Ni jina lake la kweli," alisema mchungaji. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Ni jina la baba yake."

"Shusheni," Barmeier aliwaambia wabebaji. "Shusheni, watu wanapata baridi."

Wakashusha. Ilsabein alimtazama bwana wake. Ottersiek alikuwa ameinamisha kichwa, amemshika kitinda mimba wake begani, na alikuwa akipumua polepole, pumzi ndefu, ya mtu ambaye mkokoteni umempita karibu sana na haukumgusa. Alipoinua macho yakakutana na ya Ilsabein, naye akayarudisha chini.

Engel alipewa koleo amwage udongo wa kwanza. Hakulipokea. Aliinama akachota udongo kwa kiganja, akasimama nao ukingoni, akiangalia chini, kisha akiangalia watu.

"Mama, mwage," alisema Ilsabein.

"Nammwagia nani?"

"Mwage, mama. Ni baba."

Engel alimwaga. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, haraka kidogo, na wengi hawakutamka jina lolote, kwa sababu la zamani lilikuwa limekatazwa na jipya liliwashinda ulimi. Kwenye matanga, Ilsabein alijua, wangemwita marehemu, au yule mzee, na kufikia mwakani watoto wa vibandani wangekuwa na wimbo wa kumchezea shere.

Mwanamke mmoja wa upande wa pili wa usharika, amejifunga shali ya kijani, alisogea akamgusa kiwiko. Alikuwa amechelewa, viatu vyake vya mbao vimejaa matope.

"Samahani, dada. Mimi niliambiwa ni maziko ya Jobst Sandkötter. Huyu Brüning ndiye nani?"

Ilsabein alikuwa akifuta udongo kwenye vidole vya mamake, kimoja kimoja.

"Simjui," alisema.

"Na wewe umekuja kumzika nani?"

"Baba yangu."

Mwanamke alitazama kaburi moja lile, akatazama kulia na kushoto kama kuna jingine, kisha akasema pole, akarudi nyuma kwa wenzake.